Karura, Kamba Ikiwa Mkononi

Mwenye mbwa jijini Nairobi hana mahali pengi pa kumtembeza. Mitaa mingi haina njia ya waendao kwa miguu, na palipo na njia, magari yameegeshwa juu yake, wachuuzi wametandaza bidhaa zao na bodaboda zinapenya humo humo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ndiyo hiyo mlangoni pa mji, lakini mbwa haruhusiwi kuingia hata akiwa ndani ya gari. Ndivyo ilivyo katika mbuga zote za taifa nchini Kenya. Karura ni habari nyingine. Kwa kuwa kisheria ni msitu wa serikali, si mbuga ya taifa, Karura humpokea mbwa, ila humpokea kwa masharti, na masharti yenyewe hayana mchezo.

Msitu huu uko kaskazini mwa jiji, baina ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, umezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda. Ukubwa wake unazidi hekta 1,000, na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Huko Gigiri ziko ofisi za Umoja wa Mataifa, yakiwemo makao makuu ya shirika lake la mazingira. Upande mwingine kipo kijiji cha Mji wa Huruma, nyumba za mabati zilizobanana kwenye ukingo wa miti. Balozi na kibarua wote wanavuta hewa ya msitu mmoja, na sijui mahali pengine Nairobi panapoweza kusemwa hivyo kwa haki.

Mimi natoka Malindi. Nikipanda Nairobi hufikia kwa mdogo wangu, Ruaka, ambaye ana mbwa wa kienyeji wa rangi ya kahawia aitwaye Bosco. Mdogo wangu huamkia kazini, kwa hiyo Bosco huwa wangu asubuhi. Tunafika langoni jua likiwa bado halijapanda juu ya miti, wakati ambapo wakimbiaji wanajinyoosha viungo na kina mama wa rika la makamo wanakusanyana kwa matembezi yao, suruali za mazoezi ndani na leso kiunoni.

Kibao cha sheria kiko pale pale. Mbwa afungwe kamba wakati wote. Mwenye mbwa aokote kinyesi chake. Plastiki za kutumiwa mara moja zisiingie. Pombe hapana, sigara hapana, moto hapana, muziki wa kupiga kelele hapana. Lipa kwa simu. Ondoka kabla ya giza.

Asubuhi moja askari wa langoni alimtazama Bosco kabla ya kunitazama mimi.

"Kamba ni hiyo tu, mzee?"

"Ni hiyo, ndugu yangu. Imara."

"Sawa. Isitoke mkononi. Hata mkifika kule ndani na hamuoni mtu. Na chupa ya plastiki hamna?"

Nikamwonyesha chupa yangu ya chuma. Akafungua mkoba wangu akachungulia, akaona magazeti ya zamani yaliyokunjwa, akaelewa ni ya nini, akatabasamu. Hakuwa na ukali. Alikuwa na hakika. Nimepita malango mengi ya mahali pa umma ambako sheria imeandikwa ukutani na mlinzi amelala chini yake, kwa hiyo najua kuthamini mtu anayeisimamia sheria kwa adabu saa kumi na mbili na nusu za asubuhi.

Ndani, udongo ni mwekundu, ule udongo wa nyanda za juu unaogeuka utelezi mvua ikinyesha na kuwa vumbi laini kiangazi. Njia zimejipinda kilomita nyingi, zaidi ya hamsini kwa jumla, na kila njiapanda ina nguzo yenye namba, hivyo watu huambiana wakutane namba fulani na hakuna anayepotea. Sehemu ya kwanza ni mikaratusi mirefu, myeupe, inayobambuka magome. Ni masalia ya enzi za ukoloni, ilipopandwa kuwa kuni za injini za reli. Mikaratusi hukua upesi na hunywa maji bila huruma, na chini yake hakuoti mengi. Ndiyo maana wanaoutunza msitu wamekuwa wakiikata polepole na kurudisha miti ya asili. Ukishavuka hapo unaingia kwenye msitu wenyewe: muhugu, mkuyu, zeituni mwitu, na mikinduri ambayo majani yake yakipigwa na upepo huonyesha rangi ya fedha kwa chini. Hewa hubadilika. Sauti ya magari ya Barabara ya Limuru hupotea kana kwamba mtu amefunga dirisha.

Hapo ndipo mbwa huanza kukufundisha msitu. Mimi natumia macho, Bosco anatumia pua, na pua yake imenionyesha mengi ambayo ningeyapita. Alisimama ghafla, mguu mmoja wa mbele juu, masikio yameelekea kichaka cha kushoto, na kamba ikakaza. Sikuona kitu. Nikachutama, nikafuata mahali pua yake ilipoelekea, na baada ya kutazama kwa muda majani yakapata umbo: jicho kubwa jeusi, sikio jembamba lenye mishipa inayoonekana mwanga unapopita, na pua iliyokuwa ikitetemeka. Alikuwa paa. Mnyama mzima huyu hafiki goti la mtu mrefu, na uzito wake ni kilo tano hivi, chini ya robo ya uzito wa Bosco. Kwenye kijiti kilicho mbele yake palikuwa na tone jeusi linalong'aa. Paa hutoa utomvu kwenye tezi iliyo chini ya jicho na kuupaka vijitini kuwajulisha wenzake kwamba hapa pana mwenyewe. Tulitazamana hivyo, watatu sisi, kamba ikiwa imekaza lakini haijavutwa. Kisha akaruka mara moja, akaingia ndani, na kichaka kikajifunga nyuma yake.

Fikiria sasa kamba isingekuwepo. Paa na funo hujilinda kwa kutulia tuli hadi hatari inapokaribia sana, halafu huchomoka kwa kupinda kulia na kushoto. Ujanja huo unawafaa katika msitu mpana usio na mwisho. Karura ina mwisho. Pande zake kuna uzio wa umeme, na mnyama anayekimbizwa na mbwa hujikuta mbele ya waya. Hata asipoguswa na jino anaweza kufa kwa mbio na woga, au akaacha mtoto aliyekuwa amefichwa majanini. Mbwa hana hatia katika jambo hilo, kwa kuwa amezaliwa kukimbiza. Mwenye kuamua ni aliyeshika kamba.

Kuna na la maradhi, ambalo watu wengi hawalifikirii. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa distempa viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu walivifuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na mbuga. Ikiwa mbwa wa kijijini wanaweza kumwangusha simba, msitu mdogo katikati ya jiji lenye mbwa wasiohesabika una sababu ya kujihadhari. Karura wako nguchiro, kanu na fungo, wanyama wala nyama wanaoweza kuambukizwa kwa urahisi. Kuhusu kichaa cha mbwa, Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa ifikapo 2030, na Shirika la Afya Duniani husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa ugonjwa hukosa pa kupita. Sindano ya Bosco hutolewa kila mwaka, na kadi yake imo kwenye mfuko wa koti langu. Yeyote anayependa mbwa na hajamchanja bado hajampenda vya kutosha.

Naja kwa watu sasa, maana kamba ni yao pia. Kwetu Pwani mbwa ni wa lindo, hukaa nje, na Waislamu wengi hujiepusha na mate yake kwa ajili ya twahara. Bara nako wengi wamelelewa na vibao vya "Mbwa Kali" kwenye mageti ya matajiri, na wengine wana makovu ya kuonyesha. Mtu wa namna hiyo akiingia Karura na watoto wake siku ya mapumziko, ana haki ya kutembea bila moyo kumpanda kooni.

Karibu na daraja la mbao tulikutana na mama mmoja aliyevaa buibui, na watoto watatu. Mdogo kabisa alimkimbilia mama yake na kujifunika kwa nguo. Nikamvuta Bosco pembeni ya njia, nikaikunja kamba mara mbili kiganjani, nikamketisha.

"Asalaam aleikum, mama. Piteni tu, hatoki hapa."

"Waaleikum salaam. Ahsante, baba. Anauma?"

"Haumi, lakini tumemshika hata hivyo."

Wakapita. Mtoto mkubwa, msichana wa miaka tisa au kumi, alirudi hatua mbili akauliza jina la mbwa, nikamwambia. Akalirudia jina, akacheka, akakimbia kuwafuata. Sidhani kama msichana yule angeuliza jina la mbwa anayekuja mbio kuelekea kwake, huku mwenyewe akiwa nyuma, mbali, anapaza sauti kwamba ni mpole. Hilo nimeliona pia, pale pale Karura: mtu mzima, aliyevaa viatu vya bei, amemwachia mbwa mkubwa, na wazee wawili wamejibanza kwenye mti. Anasema mbwa wake hana shida. Nani amemuuliza? Mbwa wako unamjua wewe. Mgeni anachojua ni meno. Naandika haya bila kupepesa, kwa sababu kila anayeivunja sheria hii anawapa hoja wale wanaotaka mbwa wafungiwe nje kabisa, na siku hiyo ikifika tutakaoumia ni sisi tuliotii.

Msitu huu unajua maana ya sheria kuvunjwa. Miaka ya mwisho ya tisini ilijulikana kwamba vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka 1977, waliingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipofika kupanda mti, walikuta kundi la wanaume waliowekwa kulinda eneo, wakapigwa. Maathai alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi akatoa taarifa, na alipotakiwa kutia sahihi aliitia kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuandamana. Mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na ujenzi ndani ya Karura ukasimama. Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Kuokoka hakukutosha. Kwa miaka kadhaa baadaye Karura ilikuwa pa kuogopwa. Waporaji walijificha humo, na mtu mwenye akili zake hakuingia peke yake. Mambo yaligeuka kuanzia 2009, majirani walipounda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura na kuingia ubia na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Ukajengwa uzio, yakawekwa malango, vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi, na kiingilio kikaanza kulipia kazi. Watu wakarudi, kwanza wachache, kisha kwa maelfu. Kwa hiyo ninapoambiwa langoni nisiiachie kamba, nasikia sauti ya watu waliolipa gharama ili pawepo na lango la kuambiwa neno hilo.

Mito ni jambo linalonigusa kwa namna yangu. Mto Karura, Ruaka na Gitathuru hupita humu, na maji yao mwishowe huingia Athi. Athi ukiteremka huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, halafu humwaga maji yake Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Masika yakiwa makali, bahari yetu hugeuka nyekundu kwa udongo wa bara, hata wageni huuliza kulikoni. Nikisimama juu ya daraja lile la mbao, mbwa akinusa ukingo, najua kwamba ninayatazama maji yanayokwenda kwetu. Wavuvi wa Mambrui hukuta kwenye nyavu zao taka ambazo hazikutupwa Malindi.

Ndiyo maana sioni aibu kuinama kuokota kinyesi cha Bosco. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo yanayoweza kudumu udongoni miezi mingi, na mvua moja tu huyafikisha mtoni. Ugumu ni wa kuokotea nini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Sheria moja inakuamuru uokote, nyingine inakunyima kile ambacho dunia nzima huokotea. Mdogo wangu alilitatua kwa magazeti: karatasi mbili zikikunjwa zinashika, ya tatu inafunga, na vyote vinaingia kwenye mfuko mgumu wa karatasi hadi nyumbani. Hutoka nao. Karura si dampo la mtu.

Maporomoko ya Mto Karura nitayataja kwa ufupi, kwa sababu kila mgeni hupelekwa huko na yameshapigwa picha za kutosha. Ni mazuri. Ngazi zake huteleza, na mbwa anayevuta anaweza kukuangusha, basi mshike karibu. Mapango yaliyo jirani yanakumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Popo ndio wenyeji wa sasa, na Bosco hakupenda harufu yao. Alikaa mlangoni akakataa kata kata.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa juu. Mbega, wale wenye mabega meupe na mkia mweupe unaoning'inia kama ushungi, waliletwa Karura kuanzia mwaka 2014 kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako misitu yao ilikuwa imesalia vipande vipande katikati ya mashamba na wakulima wamewachoka. Mbega hula majani na huishi juu. Ardhini hashuki ila kwa haja. Tuliwakuta familia nzima kwenye mkuyu. Dume lilitukohoa kwa sauti nzito, mara moja, mara mbili. Jike lilikuwa na mtoto mweupe kabisa kifuani, maana mtoto wa mbega huzaliwa mweupe na kupata weusi baadaye. Bosco aliketi, akainua kichwa, akatazama. Hakubweka. Waliendelea kula. Jike halikumfunika mtoto, halikuhama tawi, na hapo ndipo nilipoelewa mafanikio ya mahali hapa yanapimwa kwa nini: mbega waliofukuzwa shamba kwa shamba wamefika pahali ambapo mbwa akipita chini hawana haja ya kuacha kula.

Nimetembea katika bustani za miji mingine, nyingi zina nyasi zilizokatwa vizuri na miti iliyopangwa mistari. Karura inazishinda zote ninazozijua, na inazishinda kwa kuwa ni msitu wa kweli, wenye majoka na miiba na matope, uliobaki katikati ya jiji ambalo bei ya ardhi yake ingemfanya mtu yeyote ashike shoka. Wanaolalamika kwamba sheria zake zinabana, nawaheshimu, lakini nawaomba watazame ramani ya Nairobi na kuhesabu vipande vya kijani vilivyopotea kwa sababu hapakuwa na aliyebana.

Ukija, njoo mapema. Asubuhi za siku za kazi njia huwa na nafasi, Jumapili hujaa. Mwezi Juni na Julai vaa sweta, baridi ya Nairobi haina utani. Mletee mbwa maji yake na bakuli, usimwache anywe mtoni. Kadi ya chanjo iwe mfukoni. Chukua magazeti ya kutosha. Ukimwona mtu amesimama kando kwa woga, kunja kamba, msalimie, mwache apite kwanza. Na ukimkuta aliyemwachia mbwa wake, mwambie kwa adabu, kama alivyoniambia askari yule, kwamba kamba haitoki mkononi.